Koti la Dada wa Mazoezi

Siku ya kwanza wifi yangu anapelekwa kwenye mashine, hakusalimia mtu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi cha hospitali, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mguu mmoja mzito, akamkagua yule dada wa mazoezi kuanzia kola ya koti lake jeupe hadi pindo.

"Mwanangu," akasema, "hilo koti limetafunwa na nani?"

Mimi na mume wangu, ambaye ndiye mdogo wake, tulitamani ardhi ipasuke itumeze. Dada wa mazoezi akajitazama. Kola ilikuwa imelala upande, na mikono ya koti imejikunja hadi kwenye viwiko.

"Nimelifua jana, mama."

"Kufua umefua. Sijauliza kufua."

Ndivyo alivyo. Wifi yangu ni dobi, na si dobi wa kubahatisha. Miaka thelathini na minne amesimama kwenye meza ya dirishani katika duka letu lenye meza tatu za pasi, na mtaa mzima unamwita Mstari kwa sababu ya mstari anaouweka kwenye suruali. Ukivaa suruali iliyotoka kwake unatembea ukijiona waziri. Mimi niliolewa kwao miaka kumi na tisa iliyopita nikiwa sijui hata kunyunyizia nguo maji, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nasema kunifundisha; ukweli ni kwamba alinitesa. Miezi mitatu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa pasi. Nilisimamishwa nyuma yake nimtazame mgongo, huku akipiga kelele, "Mkono ni wa kushika tu! Sukuma kwa kiuno! Ukisukuma kwa mkono, saa nne umechoka na nguo bado zinakungoja!" Na nilipoanza kazi, nikikosea mkono wa shati ukatoka na mistari miwili badala ya mmoja, nilikula kofi la vidole hapohapo, pa! Mistari miwili ndiyo dhambi kubwa ya duka letu. Nilimchukia mwaka mzima. Halafu sijui ikawaje, nikampenda.

Kiharusi kilimkuta palepale mezani, Jumanne asubuhi. Aliniambia, "Wifi, hii pasi imekuwa nzito," na maneno yakatoka yamelegea, nami nikacheka nikidhani ananiigiza nilivyoongea siku niliyong'olewa jino. Mpaka nilipoona mdomo umekwenda upande. Sitaki kuisimulia siku hiyo. Tulimkimbiza hospitali, akapona. Mguu ulirudi taratibu, maneno yakarudi yote, hata yale ambayo tungeyasamehe. Mkono wa kulia ukagoma.

Hapo mume wangu akaleta busara zake. Akasema dada yake akae kaunta, apokee nguo na kuwapa wateja namba. Kama mkono hautarudi baada ya mashine ya hospitali, meza ya dirishani tutaiondoa, tuweke kabati la nguo zilizo tayari. Alisema kwa upole, mwenyewe machozi yakimlenga. Wifi alimkata jicho.

"Kaunta ukae wewe," alimjibu. "Pasi hujawahi kuijua."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ama mkono urudi, ama meza iende. Tangu siku hiyo kila alipopita dukani alikuwa anaigusa ile meza kwa mkono wa kushoto, anajifanya anafuta vumbi.

Sasa turudi kwenye chumba cha mazoezi. Tulivyoambiwa ni roboti, mimi nilikuwa nimejiandaa kuona mtu wa chuma mwenye macho ya taa. Kumbe ni meza tu, na juu yake mkono wa chuma wenye viungo, wenye mahali laini pa kulaza mkono wa mgonjwa na kishikio cha kukamata. Mbele kuna skrini yenye machungwa na kikapu. Ukisogeza kishikio, chungwa linasogea. Ukikwama, mashine inahisi, inakusukuma kidogo. Ukiweza mwenyewe, inakuacha uende. Mwisho inakupa alama kwa mia, kama mwalimu. Wifi alikitazama kile kishikio, akakizungushia vidole kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, akakubali kwamba kina umbo la pasi.

"Mama, lengo lako ni nini?" dada wa mazoezi akamuuliza, kalamu mkononi. "Wengine wanasema kushika kijiko, wengine kuchana nywele."

"Kulipiga pasi hilo koti lako. Kwa mkono huuhuu."

Yule dada akacheka, lakini akaandika kwenye faili vilevile alivyoambiwa. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha akatoa mkanda mpana wa kumfunga kifuani, umshikilie kwenye mgongo wa kiti. Weee! Siku hiyo wifi alivaa gauni lenye marinda kifuani, nililolitia wanga mimi mwenyewe na kulipiga pasi mara mbili, maana mara ya kwanza alilikataa.

"Mkanda huo utanikunja," akasema.

"Ni wa kuzuia mwili usiusaidie mkono, mama."

"Mwili wangu una adabu zake. Utatulia."

Na kweli alikaa wima, kifua mbele, utadhani anapigwa picha ya pasipoti. Dada wa mazoezi alikuwa na wagonjwa wengine sita wanamsubiri. Akatutazama sisi. Mume wangu akainua mabega, na mimi, mjinga, nikasema kwa kicheko, "Mwache tu, huyu ukimkunja nguo atapata kiharusi cha pili." Wote tukacheka. Mkanda ukarudi kwenye kabati.

Baada ya hapo mimi nikabaki na duka, na mume wangu ndiye akawa anampeleka, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Loo, alama zilivyopanda! Thelathini na moja. Arobaini na sita. Sitini. Sabini na nne. Wifi akaibatiza mashine jina la Mchumba. Amekaa mjane miaka kumi na miwili, sasa akawa anajipaka mafuta, anajitanda mtandio wake mkubwa, anatangaza dukani mbele ya wateja, "Niacheni nipite, Mchumba ananingoja. Ananishika mkono saa nzima na hanuni." Wiki ya sita akafika themanini na nane. Wagonjwa wenzake wakampigia makofi. Kichwa kilimvimba hadi mlango ukawa mdogo.

Ila kulikuwa na kikombe. Kila asubuhi nilimwekea chai upande wa kulia, na kila asubuhi alikichukua kwa mkono wa kushoto.

"Mtu wa themanini na nane," nikamtania, "bado kikombe kinakushinda?"

"Vikombe vyako vizito."

"Hiki cha plastiki?"

"Plastiki za siku hizi!" akasema, na akageukia upande mwingine. Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wifi yangu ni mtu wa kufa na tai shingoni, na tai yenyewe lazima iwe imepigwa pasi. Nilijua ananificha kitu. Sikujua kwamba anajificha na yeye mwenyewe.

Wiki ya saba mume wangu akavimba jino, na Jumatatu wifi nikampeleka mimi. Dada wa mazoezi alitupokea kwa furaha, koti lake likiwa vilevile, limekunjamana kila pahali.

"Mama yetu ametushangaza," akaniambia. "Ijumaa ni kipimo cha mwisho. Kwa alama hizi anahitimu, kiti chake tunampa mwingine. Orodha ni ndefu."

"Wapeni wenzangu," wifi akasema kama malkia. "Mimi nimeshaiva."

Wengine wote walikaa mbele, upande wa skrini. Mimi nilipewa kiti nyuma yake. Machungwa yakaanza kuingia kapuni, moja baada ya jingine, laini, bila kukwama. Na mimi, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, nikamtazama mgongo.

Chini ya ule mtandio, kiuno kilikwenda kushoto. Bega la kulia likaja mbele. Mgongo ukalala kidogo, ukarudi. Kiuno, bega, mgongo, kurudi. Hata ule mnyanyuko mdogo wa mwisho, wa kugeuza pasi ukifika ukingoni mwa shuka, ulikuwepo. Alikuwa anapiga pasi! Mkono ulikuwa umelala kwenye kishikio, hauna habari. Mwili mzima ulikuwa unaubeba, kwa ustadi wa miaka thelathini na minne, na mashine inahisi kishikio tu, haijui nani anasukuma. Mgonjwa mwingine angeinama ovyo, dada wa mazoezi angemwona mara moja. Huyu aliinama kifundi.

Kwanza nilitaka kucheka. Halafu roho ikaniuma vibaya. Ijumaa wangempa cheti, kiti wangempa mtu mwingine, na ule mkono ungebaki hivyo maisha yake yote. Meza ingeondoka. Na mkanda uliorudi kabatini, nani aliyecheka urudi? Mimi.

Nikawaza ninyamaze. Ile themanini na nane ndiyo furaha pekee aliyokuwa nayo tangu augue.  Halafu nikakumbuka kile kikombe.

"Dada," nikasema, "mfunge mkanda."

 Wifi hakugeuka, lakini shingo yake niliiona inakaza.

"Wifi, shika adabu yako."

"Mfunge mkanda, nakwambia! Huyu anapiga pasi! Hatumii mkono hata kidogo, anasukuma kwa kiuno, ndivyo alivyonifundisha!"

Dada wa mazoezi alikuja nyuma, akauvuta mtandio pembeni, akamwambia arudie polepole. Alitazama mara mbili. Kisha akaenda kabatini, akaleta mkanda, akambana kwenye kiti. Marinda ya gauni yakasagika. Machungwa yakaanza. La kwanza halikusogea. La pili mashine ililisukuma yenyewe. Mwisho skrini ikaandika kumi na tisa.

Hakuna aliyepiga makofi. Wifi aliitazama ile namba hadi skrini ikazimika. Tulipofika nje ya geti ndipo aliponiambia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Umenivua nguo mbele za watu."  Nililia njia nzima, na yeye akatembea mbele yangu na mguu wake mzito, hataki hata nimshike.

Tukaanza kununiana. Siku saba! Nyumba ni moja, meza ya kula ni moja, na bado alikuwa anasema, "Mdogo wangu, mwambie mkeo chumvi imezidi." Mume wangu, jino limemvimba, ananigeukia: "Anasema chumvi imezidi." Namwambia, "Mwambie apike yeye." Anageuka tena huku ameshika shavu. Maskini wa Mungu, alikonda kwa kutufikishia salamu.

Dada wa mazoezi alikuwa muungwana. Alifuta kile kipimo cha Ijumaa, akaandika wiki nane mpya kwenye faili lilelile, akakiri kwetu kwamba kosa lilikuwa lake kukubali kuuacha mkanda. Lakini sheria ya kiti ilikuwa palepale: ukikosa mara tatu, anaitwa mwingine. Jumatano wifi hakwenda. Ijumaa hakwenda. Jumatatu asubuhi nikaamka nikiwa na hasira zangu kamili.

Niliingia kwenye kapu la nguo chafu, nikachagua gauni langu lililokunjamana kuliko yote, lile nililokuwa nimeliloweka, nikalisahau, nikalikausha likiwa limejisokota. Nikalivaa. Nikajifunga na kitambaa cha kichwa kilichokunjamana vilevile. Nikaenda kusimama mlangoni kwake.

Alikuwa kitandani, anatazama ukuta. Akageuka. Macho yakamtoka.

"Unakwenda wapi na hayo matambara?"

Maneno ya kwanza kwangu ndani ya siku saba. Nilijikaza nisitabasamu.

"Hospitali. Na wewe."

"Hivyo? Watu watuone? Watasema hawa madobi gani?"

"Waseme. Wewe utafungwa mkanda, gauni lako litakunjika, na utapita mtaani umekunjika. Mimi nitapita kando yako nimekunjika zaidi. Atakayetaka kucheka atanicheka mimi kwanza."

Akanikagua kuanzia kitambaa cha kichwa hadi pindo. Kisha akasema, "Geuka nione nyuma." Nikageuka. "Mungu wangu," akasema. "Hata mgongoni!" Na hapo akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na mimi nikakaa kitandani kando yake, tukalia wote wawili hadi mume wangu akaja mlangoni kuuliza nani amekufa.

"Niliogopa, wifi," akaniambia. "Nilijua kikombe si kizito. Ila nikiiona ile namba nilikuwa nasema labda kesho."

Tukaenda. Mtaa mzima ulitutazama, na muuza magazeti akauliza kama duka letu limeungua.

Huko kwenye mkanda hakukuwa na miujiza, na nisiwadanganye. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Ishirini. Dada wa mazoezi alimweleza kwamba mwili wake umezoea kufanya kazi zote, ndiyo maana mkono haupati nafasi ya kukumbuka. Wifi akanitazama, akasema, "Unamsikia? Nilikufundisha vibaya." Siku nyingine aliitukana mashine, akaivua uchumba, akatangaza kwamba wameachana. Wiki inayofuata wakarudiana. Nilimpeleka kila mara, na kila mara nilivaa lile gauni langu baya, hadi wagonjwa wakawa wananisalimia kwa kulitaja. Ishirini na saba. Thelathini na tatu. Wiki ya tano asubuhi moja nikamwekea chai upande wa kulia, nikageukia jiko, nikasikia chai ikimwagika. Kikombe kilikuwa kimeinuka, kimefika mdomoni, nusu ya chai iko kifuani kwake.

"Plastiki za siku hizi nyepesi," nikamwambia.

"Nyamaza," akasema, na akainywa ile nusu iliyobaki taratibu, kwa fahari zote.

Siku ya kipimo cha mwisho alipata hamsini na saba. Aliisoma mwenyewe kwa sauti. Dada wa mazoezi akafungua lile faili, akasoma neno la siku ya kwanza, kisha akavua koti lake na kulilaza mezani. Mume wangu alikuwa amebeba pasi ndogo kutoka dukani, na mimi blanketi la kutandika. Tukaweka moto mdogo. Wifi akasema, "Mkanda." Akafungwa, akabanwa kwenye kiti barabara, na gauni likakunjika, asilitazame hata mara moja.

Mgongo wa koti ulimchukua dakika kumi, kazi ambayo zamani angeimaliza huku anaongea na mteja. Kola ilimtoa jasho. Mkono wa kushoto ulivuta kitambaa, wa kulia ukasukuma pasi, na nilikuwa nyuma yake kama kawaida yangu, nikaona mgongo umetulia kabisa. Bega limetulia. Mkono ndio uliokuwa unatembea, unatetemeka, unakwenda, peke yake. Mume wangu alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa alichosema ni cha jino.

Kisha ikaja mikono ya koti. Wa kwanza ukatoka vizuri. Wa pili, pasi ikateleza kidogo, na wifi hakuona au alijifanya hakuona. Akaisimamisha pasi pembeni, akashusha pumzi. Nikachungulia. Mistari miwili! Miwili kabisa, sambamba, kuanzia begani hadi mwisho. Miaka kumi na tisa ya mafunzo ikanipanda kichwani, mkono wangu ukaenda wenyewe kuichukua ile pasi nirekebishe.

Pa!

Kofi la vidole. Liliniwasha hadi kwenye kiwiko. Nikaurudisha mkono kwa maumivu, nikafungua mdomo nimtolee uvivu, ndipo nikaona mkono wake wa kushoto bado umeshika koti.

 Wifi mwenyewe alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ulivyobaki juu ya meza umefunguka, kama umeingia chumbani sasa hivi kutoka safari.

"Mama," dada wa mazoezi akasema, "hilo kofi umelipiga mwenyewe?"

"Anataka kuniharibia kazi," wifi akasema.

"Unaweza kurudia?"

Wifi akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikaurudisha mkono wangu mezani, karibu na ile mistari miwili, nikauacha pale.